Laxton: wiki moja katika kijiji ambacho mashamba yake hayana ua

JUMATANO, WIKI YA MWISHO YA NOVEMBA

Treni inayotoka London King's Cross kwenda kaskazini husimama Newark North Gate. Kutoka hapo mpaka Laxton ni takriban kilomita 18 za barabara, kuelekea kaskazini-magharibi, ndani ya mkoa wa Nottinghamshire. Panga usafiri wa kipande hicho kabla hujaondoka London, na ufike kijijini kabla ya saa nane mchana. Mwishoni mwa Novemba jua la huku linazama kabla ya saa kumi jioni, na mambo mawili ya kwanza ya kutazama yanahitaji mwanga wa pembeni.

La kwanza ni mtaa wenyewe. Nyumba nyingi ni za matofali mekundu na vigae, za karne ya 18 na kuendelea. Hakuna jumba la fahari. Atakayekuja kutafuta majengo ya kupigia picha atamaliza kwa nusu saa na kuondoka bila kuona kitu. Angalia badala yake jinsi nyumba zilivyokaa. Nyingi zimegeuzia barabara ubavu wake mwembamba, si uso. Kila kiwanja ni chembamba kwa mbele na kirefu kwa nyuma: nyumba, ua wa mifugo, banda la nafaka, kisha malisho madogo. Halafu hesabu nyumba za wakulima. Ziko mtaani, zimebanana, wakati kwingineko Uingereza mkulima anaishi peke yake katikati ya shamba lake.

Mkulima wa Laxton hana "katikati ya shamba". Ardhi yake imekatwa vipande virefu, yaani ngwe, vilivyotawanyika katika mashamba makubwa matatu yanayozunguka kijiji: West Field, Mill Field na South Field. Akihamia karibu na ngwe moja atakuwa mbali na nyingine zote, kwa hiyo mahali panapomfaa ni katikati ya kijiji. Vijiji karibu vyote vya ukanda wa kati wa Uingereza vilikuwa hivi. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zilizogusa takriban ekari milioni 6.8. Ngwe zikaunganishwa, michongoma ikapandwa mipakani, na wakulima wakahamia mashambani. Laxton ilibaki. Mabaki ya ngwe yapo pia Braunton kule Devon na katika eneo la Axholme huko Lincolnshire, lakini mashamba ya wazi yanayolimwa kwa zamu, chini ya mahakama ya wakulima wenyewe, utayakuta Laxton peke yake.

La pili ni ngome, upande wa kaskazini wa kijiji. Usitegemee kuta. Ni kilima cha udongo kilichojengwa kwa mikono mwanzoni mwa karne ya 12, katika zama za Robert de Caux, pamoja na viwanja viwili vilivyozungushiwa mahandaki. Hapa ndipo walipokaa watunzaji wa msitu wa kifalme wa Sherwood, ule wa hadithi za Robin Hood. Cheo hicho kilirithiwa katika ukoo, na baadaye kikawa cha akina Everingham. Jua likiwa chini, vivuli vinaonyesha kila handaki na kila tuta. Saa sita mchana utaona nyasi tu.

ALHAMISI. SIKU YA WAZEE WA BARAZA

Kama una siku moja tu ya kuja Laxton, chagua Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Siku hii wazee wa baraza, wakulima waliolishwa kiapo mwaka uliotangulia, wanakwenda kukagua shamba la ngano.

Zamu ya mashamba ndiyo ufunguo wa mambo yote. Mwaka wa kwanza shamba hupandwa ngano ya majira ya baridi, inayosiwa Septemba au Oktoba na kuvunwa Agosti. Mwaka wa pili hupandwa zao la masika, hasa shayiri, linalosiwa kuanzia Machi. Mwaka wa tatu shamba hupumzika. Zamani mapumziko yalimaanisha udongo mtupu uliopinduliwa mara kadhaa wakati wa kiangazi ili kuua magugu, huku kondoo wakichungwa juu yake na kuacha samadi. Siku hizi mwaka wa mapumziko hutumika kwa nyasi za kukatwa ziwe chakula cha mifugo. Mashamba matatu yanapokezana, kwa hiyo kila mwaka kuna moja la ngano, moja la masika na moja linalopumzika. Mkulima mwenye ngwe katika yote matatu hakosi nafaka mwaka wowote. Ndiyo maana pia hawezi kupanda anachotaka mahali anapotaka. Akiweka zao la masika katikati ya shamba la ngano, ataharibu ratiba ya kila mtu anayepakana naye.

Linakaguliwa shamba la ngano tu, maana ndilo limetoka kulimwa, na mkosaji akikosea hukosea wakati wa kulima. Kwa hesabu hiyo kila shamba hufikiwa mara moja kwa miaka mitatu.

Wazee hupakiwa kwenye tela la trekta pamoja na nyundo kubwa na mzigo wa vigingi. Wanatafuta makosa ya aina tatu. La kwanza ni kulima njia. Kati ya mafungu ya ngwe kuna barabara za nyasi ambazo ni za wote, na jembe la trekta likipita kando yake linaweza kumega kidogo bila dereva kukusudia. Kidogo hicho kina uzito. Sentimita 30 kwenye ukingo wa mita 200 ni mita za mraba 60 zilizotoka kwa umma na kuingia kwa mtu mmoja. Likirudiwa mara kumi bila mtu kusema, njia ya mita tatu imekwisha. Kosa la pili ni kumega ngwe ya jirani. La tatu ni mtaro uliozibwa au usiosafishwa. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mzito mwekundu, maji hayapenyi kwa urahisi. Mtaro mmoja ukiziba, maji hurudi katika ngwe ya mtu mwingine kabisa, mizizi ya ngano hukosa hewa, majani hugeuka njano, na sehemu hiyo haitavunwa kitu.

Kazi ya kigingi inastahili kusogelewa. Mzee mmoja anasimama na kigingi mahali ngwe inapokutana na njia. Mwingine anarudi nyuma hadi kigingi kilichotangulia, anafumba jicho moja na kutazama mstari. "Kushoto kidogo." Kigingi kinasogezwa upana wa kidole. Kinapigwa. Kigingi kikiingia katikati ya mimea michanga ya ngano badala ya ukingoni kwenye nyasi, hakuna haja ya maneno: kila aliyepo ameona nani amelima zaidi, na kwa kiasi gani. Mkosaji anaweza kuwa mmoja wa wazee wenyewe. Anaandikwa kama wengine.

Baada ya shamba kuna chakula cha mchana kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, na kisha mashauri. Wazee wanakubaliana nani atozwe na kiasi gani. Orodha huandikwa, hutiwa sahihi na kufungwa kusubiri mahakama. Faini ni ndogo. Kinachouma ni kusomewa jina mbele ya watu ambao utakutana nao kesho asubuhi.

Kwa mgeni: vaa buti za mpira zinazofika karibu na goti. Viatu vya kawaida vitashikwa na mfinyanzi, na baada ya mita mia moja kila mguu unakuwa na uzito wa jembe. Tembea juu ya nyasi, usikate ngwe za watu. Ngano ya Novemba inafanana sana na majani ya bustani, na ndivyo wageni wanavyoikanyaga wakidhani ni malisho.

IJUMAA. KUSOMA ARDHI

Siku ya kutembea polepole. Kwenye malisho ya zamani, yaliyoacha kulimwa kabla ya trekta kufika, ardhi ina mawimbi: tuta, bonde, tuta, bonde, kama bati la paa lililotandazwa chini. Hayo ni matuta ya wakulima wa zama za kati, na yalitokana na jembe lenyewe. Jembe la kukokotwa lilikuwa na ubao mmoja uliogeuza udongo upande wa kulia tu. Mkulima alianza katikati ya ngwe, akaenda na kurudi akiizunguka, na kila mfuo ulitupa udongo kuelekea katikati. Fanya hivyo kila mwaka kwa karne kadhaa, katikati itainuka na pembeni itakuwa bonde. Katika mfinyanzi huu hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu mbegu za juu ya tuta zilikaa pakavu na bonde likabeba maji. Mwaka wa mvua nyingi yaliharibika ya bondeni, mwaka wa ukame yakateseka ya juu, lakini mara chache sana mkulima alipoteza yote.

Tazama pia umbo la ngwe za zamani. Haziko moja kwa moja. Zina kijipinda kidogo mwanzoni na kingine mwishoni, kama herufi S iliyogeuzwa. Kundi kamili la kukokota lilikuwa la ng'ombe wanane, na ng'ombe wanane kwa jembe zito hawageuki papo hapo. Dereva alianza kuwapinda kabla hawajafika mwisho, na ardhi ikabeba mpindo huo. Urefu wa mfuo mmoja kabla ya kupumzisha ng'ombe ndio uliozaa kipimo cha furlong, yadi 220, yaani takriban mita 201. Ekari ya Kiingereza ni huo urefu kwa upana wa yadi 22, ambao ni takriban mita 20, na ilihesabiwa kuwa kazi ya siku moja. Ekari hiyo hiyo ndiyo tunayopimia viwanja na mashamba yetu Afrika Mashariki hadi leo, wengi wetu bila kujua kwamba asili yake ni pumzi za ng'ombe.

Ngwe za sasa ni pana kuliko zile za kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye ardhi, Earl Manvers, alipanga upya na kuunganisha vipande, kwa sababu vipande vidogo mno vilipoteza muda na mbegu. Huo haukuwa usaliti wa urithi. Bila mpango huo wakulima wasingeweza kuendelea, na mashamba ya wazi yangekufa kabla ya trekta la kwanza.

JUMAMOSI. NYASI ZA WOTE

Katikati ya mashamba ya wazi kuna vipande vya nyasi ambavyo havilimwi: mabondeni, kando ya mitaro, kwenye miteremko ambako jembe lingepinduka. Wenyeji huviita sykes. Kwenye ramani ya leo ni vipande vidogo tu, na ni rahisi kuvipita bila kuvitambua. Lakini hapa kuna mimea na maua ya mwituni ambayo mashamba ya jirani yameshayapoteza, kwa sababu udongo wake haukuwahi kuchimbuliwa wala kumwagiwa mbolea kama ule wa ngwe. Serikali imeyaweka katika orodha ya maeneo yenye thamani maalumu ya kisayansi.

Ulinzi wake unatoka katika utaratibu wa kale. Kila kiangazi nyasi za sykes hupigwa mnada. Anayeshinda ananunua haki ya kukata nyasi za mwaka huo, si ardhi. Nyasi zikikatwa mapema mno, maua hayajadondosha mbegu, na baada ya miaka michache aina kadhaa hutoweka. Zisipokatwa kabisa, miiba na vichaka huingia. Kwa hiyo hifadhi hapa ni tarehe ya kufyeka, na mtu mwenye sababu ya kufyeka.

Pitia zizi la kijiji ukirudi. Ni kiboma kidogo kilichotumika kufungia mnyama aliyekutwa akizurura katika mazao, mpaka mwenyewe alipe ndipo amkomboe. Shamba lisilo na ua haliwezi kuishi bila zizi kama hilo, wala bila mtu wa kukamata mifugo, ambaye mahakama ya Laxton bado inamteua.

JUMAPILI. KANISA NA RAMANI

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu lina sehemu za karne ya 12 hadi ya 15, lakini unachokiona ni kanisa lililofupishwa. Katika ukarabati wa 1859 na 1860 mnara ulibomolewa na kujengwa upya, na ukumbi ukapunguzwa urefu. Ndani wamelala akina Everingham kwa sanamu za mawe, na kati yao yuko mwanamke mmoja wa mbao. Simama hapo. Sanamu za makaburi za mbao kutoka zama za kati ni chache mno Uingereza nzima, kwani nyingi zilioza, zililiwa na wadudu au zilichomwa moto. Usiiguse. Mafuta ya vidole huvuta vumbi na unyevu, na mbao ya miaka mia sita na zaidi haina nguvu ya kuvumilia hata heshima ya wageni.

Mchana ni wa ramani. Mwaka 1625 kijiji kilinunuliwa na Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, yule yule aliyefadhili makazi ya kwanza ya Waingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Mtu wa namna hiyo alitaka kujua kila senti ya kodi inatoka wapi. Akamwajiri mpimaji, Mark Pierce, na mwaka 1635 Pierce akakamilisha ramani kubwa ya kijiji pamoja na kitabu kinachotaja kila ngwe, ukubwa wake na anayeilima. Ramani yenyewe iko Oxford, katika maktaba ya Bodleian, na nakala zake ndizo zinazotumika kijijini.

Izungukie kwa makini, kwa sababu mpimaji hakuchora mistari tu. Kuna watu wadogo wanaolima, wanaovuna na wanaowinda. Kwenye ramani kuna pia shamba la nne, East Field, ambalo leo halipo, na ngwe nyembamba kama nyuzi za mkeka zikijaza ardhi ambayo sasa imezungushiwa michongoma. Kilichobaki cha mashamba ya wazi ni chini kidogo ya ekari 500. Ukiweka nakala ya ramani mezani halafu utoke nje, bado unaweza kufuata mtaa uleule na njia zilezile.

Kwa nini Laxton haikuzungushiwa ua kama nyingine? Haikuwa kwa sababu wakulima walipenda mambo ya kale. Ardhi ilikuwa na wakubwa wawili, familia ya Pierrepont, iliyopata baadaye cheo cha Earl Manvers, na Earl wa Scarbrough. Kuzungushia ua kulidai wakubaliane juu ya kubadilishana vipande na kugawana gharama, na mapatano yalichelewa mno. Yalipowezekana, karne ya 19 ilikuwa inaishia, bei ya nafaka ilishuka, na hakuna aliyekuwa na fedha ya michongoma na mitaro mipya. Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo ilinunua kijiji ili kilindwe. Mwaka 1981 kikapita kwa Crown Estate, mamlaka ya mali za Taji, na mwaka 2020 kikarudi kwa Thoresby, mali ya familia iliyokiuza.

JUMATATU HADI JUMATANO

Siku hizi tatu kijiji kiko kazini, na mgeni hana la ziada la kuona. Zitumie Newark au katika msitu wa Sherwood, kisha urudi.

ALHAMISI. MAHAKAMA

Wiki moja baada ya ukaguzi, mahakama inakaa Dovecote Inn. Jina lake ni Court Leet. Zamani kila eneo la kabaila lilikuwa na mahakama kama hii. Sheria ya mwaka 1977 ilizinyang'anya karibu zote mamlaka ya kuhukumu, zikabaki na sherehe. Laxton iliachwa kwa jina, pamoja na mahakama moja ya mifugo iliyopotea huko Denbigh, Wales. Kwa hiyo kinachosemwa katika chumba hiki cha baa ni sheria kamili.

Bailifu anafungua kwa wito wa kale, "Oyez", neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya "sikilizeni". Anayeongoza ni mwanasheria aliyewekwa na mwenye ardhi. Majina ya wanaopaswa kuhudhuria yanaitwa. Kisha orodha iliyotiwa sahihi wiki iliyopita inafunguliwa na kusomwa: fulani amelima njia, fulani hajasafisha mtaro. Aliyetajwa ana haki ya kujitetea palepale. Utetezi wa kawaida ni kwamba kigingi cha zamani kilipotea na alilima kwa kukisia. Wazee hulipima hilo, lakini kukisia hakuondoi kosa, kwa sababu mwenye shaka alipaswa kuuliza kabla ya kuteremsha jembe.

Mwisho huapishwa wazee wapya pamoja na kiongozi wao. Kazi yao itaanza Novemba ijayo. Shamba watakalolikagua ni lile ambalo leo linapumzika, na ngano yake haijasiwa bado.